Folda Iliyoitwa Risiti za Umeme

Watu hudhani kazi ya mpiga picha ni kuwaingiza watu kwenye picha. Fundi Tabasamu angekuambia, kama angekuwa na nguvu za kukuambia, kwamba nusu ya maisha yake imekwisha katika kuwatoa.

Jina la Tabasamu alipewa na wateja, nalo lilikuwa kejeli ya wazi. Kila aliyeketi kwenye kigoda mbele ya pazia la buluu aliambiwa, "Tabasamu," na anayeyasema hayo mwenyewe ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu. Mgongo umechoka kwa kuinama, macho yamechoka kwa kioo cha kompyuta, na masikio, hayo ndiyo hasa, yamechoka kwa maneno ya watu waliokuja kutaka wenzao wafutwe.

Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango upande wa barabarani. Mbele kulikuwa na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wateja, na juu ya kaunta kompyuta. Nyuma kulikuwa na pazia, kigoda, na taa mbili za miguu mitatu, moja ikiwa imefungwa utepe shingoni kama mgonjwa. Picha za pasipoti, picha za mahafali, picha za watoto wanaolia kwa sababu wameambiwa wasilie: hizo ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Lakini kazi iliyomleta mteja akiwa anahema, na iliyomfanya ainame kwenye kaunta na kunong'ona, ilikuwa ile nyingine.

"Huyu hapa," mteja angesema, akigonga picha kwa ukucha. "Mtoe."

"Amekosa nini?"

"Wewe mtoe tu, Fundi. Mengine niachie mimi."

Akatoa mashemeji. Akatoa wachumba. Akatoa shangazi wa bwana harusi aliyeketi katikati kabisa, mwenye kilemba kipana kama ungo, kazi iliyomlaza na maumivu ya shingo. Kuna mwalimu mmoja aliyeomba atolewe yeye mwenyewe, akidai siku ile alionekana mnene. Tabasamu akawa anajaza nafasi zao kwa vipande vya ukuta, majani na pazia, na asiyejua angeapa kwamba mahali pale hapajawahi kusimama mtu.

Ila kulikuwa na jambo alilolijua yeye na wateja hawakulijua: kwamba watarudi. Hasira hasara, na hasara ya picha huonekana siku ya msiba. Yule yule aliyefutwa kwa matusi akifa, inatafutwa picha yake ya kuweka mbele ya watu, na inagundulika kwamba pekee iliyokuwa nzuri ni ile. Ndipo anakuja mtu yule yule aliyegonga kwa ukucha, safari hii macho mekundu. "Fundi, ile ya mwanzo... huna?" Kwa hiyo Tabasamu hakutupa picha ya mwanzo hata siku moja. Kila aliyemtoa alimweka kando, akamtunza.

Shida ilikuwa viwiko. Mteja akiegemea kaunta anaona kioo chote. Siku moja mama mmoja muuza vitunguu aliegemea akisubiri picha za mwanawe, akamwona pale kwenye kioo mume aliyemwacha, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kulipa ili atolewe, yupo, mzima, anacheka, mkono kiunoni mwake. "Kumbe unamlea humu ndani!" akapiga ukelele, na barabara nzima ikaja kuona nani analelewa.

Fundi kompyuta wa upande wa pili wa barabara, mtu mpole mwenye kucha chafu, ndiye aliyemfundisha. "Mzee, kwanza ipe folda jina la kuchosha, jina ambalo hata mwizi akiliona atapiga miayo. Pili, iambie mashine iifiche, isionekane kabisa. Tatu, itie nenosiri, ili hata atakayeifumania agonge mwamba." Tabasamu akafikiri ni jina gani linalomchosha yeye kuliko yote. Akaandika: Risiti za Umeme. Akaificha, na pale ilipokuwa pakabaki peupe. Ili kuingia ilibidi uiamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa, halafu folda ijitokeze ikiwa imefifia, halafu ikuulize neno.

Neno alilolichagua lilikuwa lile ambalo mama yao alikuwa akimwitia Kitinda alipokuwa mdogo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa bado analitumia.

Kitinda alikuwa dada yake, kitindamimba wa nyumba yao. Walikuwa watatu: kaka mkubwa, yeye Tabasamu, na Kitinda. Na yeyote aliyezaliwa katikati anajua kazi yake ni ipi. Mkubwa anaamrisha, mdogo analia, wa katikati anapeleka ujumbe. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na katika nyumba ile nyasi zilikuwa yeye.

Mama yao alipougua tumbo, daktari alisema apasuliwe. Kaka mkubwa akakataa katakata. Alisema mama ni mzee, hatatoka hai kwenye meza ya upasuaji. Kisha akasafiri kwa shughuli zake, akiacha amri. Hali ya mama ikabadilika ghafla. Kitinda ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, na mama akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, waache wanipasue, nimechoka kuumwa." Kitinda akaruhusu. Mama hakuamka.

Matanga hayajaisha, kaka mkubwa akasema mbele ya wote kwamba aliyemuua mama yake hatakanyaga tena kizingiti kile. Kitinda alifunga mzigo wake akaenda kuishi mbali, na hakukanyaga.

Sebuleni kwa kaka mkubwa, ndiyo nyumba ya mama, kulikuwa na picha kubwa ya ukutani. Tabasamu ndiye aliyeipiga, mwaka mmoja kabla ya ugonjwa, kwa kuiambia kamera ihesabu kisha yeye akakimbilia mahali pake; ndiyo maana ndani ya picha ile amesimama kiupande kama anayetaka kuondoka. Mama ameketi kitini na gauni lake la maua. Nyuma yake kaka mkubwa, kifua mbele. Kando yake Kitinda, ameinama kidogo, anacheka, mkono umewekwa kwenye bega la mama.

Kaka mkubwa aliiteremsha akaja nayo studio akiwa ameikumbatia.

"Mtoe," akasema.

"Kaka..."

"Mtoe. Na ile uliyo nayo kwenye mashine ifute. Sitaki abaki popote."

Tabasamu aliwahi kuwatoa watu wengi, lakini kazi ile ilimchukua siku nzima akiwa amefunga mlango. Alimtoa uso, akamtoa gauni, akamsogeza kaka mkubwa ndani ili bega lake lizibe pengo. Alipofika kwenye mkono ulio begani kwa mama, akasimama. Akajiambia ni kwa sababu ya maua. Akiuondoa mkono, maua ya gauni yatavurugika. Hiyo ilikuwa sababu ya fundi, na haikuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba hakuweza. Akauacha. Mkono wa kaka mkubwa ulikuwa umejificha nyuma ya kiti, kwa hiyo asiyejua angedhani ule ni wake, umetokea hapo.

Kaka mkubwa aliipokea, akaitazama mbali na karibu, akasema kazi nzuri. Ile ya zamani aliichoma mwenyewe nyuma ya nyumba pamoja na takataka. Ile ya kwenye mashine Tabasamu alisema ameifuta. Haikufutwa. Iliingia kwenye Risiti za Umeme, chini ya neno la mama.

Miaka ikapita. Kitinda alikuwa akipiga simu mara moja moja, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Kaka, bado nipo?"

"Upo. Nimekufungia. Hakuna wa kukugusa."

"Haya." Kisha wangezungumzia mvua na watoto. Nakala aliyokuwa nayo Kitinda ilikuwa kwenye simu, na simu ile iliibwa sokoni mwaka ule ule alioondoka. Picha nyingine yake akiwa na mama hakuwa nayo. Alikuwa na binti aliyempa jina la mama, na binti huyo alikuwa akiuliza bibi alifanana na nani. "Siku nikija nitaichukua mwenyewe," alisema Kitinda. "Usiitume. Mambo ya kutumiana yanapotea." Tabasamu alikubali. Tangu alipomtoa dada yake hakupokea tena kazi ya aina hiyo, wala hakuwa akifungua folda ile kuangalia. Kila alipoifungua alitoka akiwa amechoka kwa wiki nzima, na uchovu wake wa kawaida ulimtosha.

Na huko kwa kaka mkubwa, kila mgeni aliyeingia alipitishwa mbele ya picha ile. "Unaona? Mimi ndiye niliyemshika mama. Mpaka mwisho." Tabasamu alisikia maneno hayo kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye chai ya kawaida tu, naye akawa anakunywa chai yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Halafu kaka mkubwa naye akaugua. Alianguka bafuni, akapelekwa hospitali bila fahamu, na binti yake mkubwa akaulizwa: apasuliwe, asipasuliwe? Binti akasema apasuliwe. Akaamka. Alipopata nguvu za kutembea kwa mkongojo, safari yake ya kwanza ilikuwa studio.

Aliketi kwenye kigoda cha wateja mbele ya pazia la buluu, kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine, akahema. Alikuwa amekonda, na shati lilimning'inia.

"Mdogo wangu," akasema, "yule mtoto aliniruhusia nikiwa sijui lolote. Ningekufa, watu wangesema ameniua." "Nimempigia Kitinda. Anakuja Jumamosi, na binti yake."

Tabasamu aliiacha kalamu aliyokuwa ameishika.

"Nimemwambia anisamehe. Amesema tutaonana." Kaka mkubwa akaangalia sakafu. "Sasa hawezi kuingia nyumba ya mama yake akajikuta hayupo ukutani. Hawezi. Najua nilikwambia uifute, na najua wewe ni mtu wa kutii, lakini nauliza tu kama mjinga. Hakuna namna yoyote?"

Hapo ndipo Tabasamu, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, akakaribia kufanana na jina lake.

"Ipo, kaka."

"Ipo nini?"

"Nzima. Sikuifuta. Nilikudanganya."

Kaka mkubwa alimtazama mdogo wake, kisha akalia pale kwenye kigoda, mbele ya pazia, mahali ambapo watu hukatazwa kulia. "Ahsante kwa kutonitii," akasema. "Ahsante sana, mdogo wangu."

Alipoondoka, Tabasamu alifunga mlango, akaketi, akaiamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa.

Hakukutokea kitu.

Akarudia. Akatafuta kwa jina. Mashine ikafikiri, ikamletea risiti moja ya umeme, ya kweli, ya mwaka jana. Akapekua folda za harusi, za mahafali, za watoto wanaolia. Vidole vyake vilikuwa tayari kuandika neno la mama, na hakuna aliyeviuliza neno.

Ndipo akakumbuka. Kompyuta ile haikuwa ile ya mwanzo. Ya mwanzo ilizeeka, ikawa inanguruma, na mwaka juzi akanunua hii. Alihamisha kazi zake mwenyewe, kwa uangalifu: alifungua ile ya zamani, akachagua vyote vilivyokuwa mbele yake, akavibeba kwenye diski ya pembeni, akavileta huku. Vyote vilivyokuwa mbele yake. Ile iliyofichwa haikuwa mbele yake. Kwa muda mrefu sana hakuwa ameiona, akaisahau kama unavyosahau kisichoonekana, na mashine ikachukua ilichoonyeshwa, ikaacha ilichokatazwa kuonyesha.

Na ile ya zamani je? Ile kabla hajaiuza kwa watu wa vipuri, aliisafisha. Hakuisafisha kivivu. Picha za watu si za kuachwa ovyo zikaokotwa na wahuni. Alikwenda kwa fundi kompyuta akaomba programu ya kufuta mpaka kusibaki hata unyayo, akaipitisha, akaipitisha tena, akaondoka akijisifu kwa uaminifu wake.

Alivuka barabara. Fundi kompyuta alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na bisibisi mkononi.

"Mzee," akasema taratibu, "ungekuwa umefuta vibaya ningekusaidia. Wewe ulifuta vizuri. Na mashine yenyewe haipo."

"Hakuna namna?"

"Hakuna, mzee wangu. Pole. Wengi wanapatwa na hilo. Mtu anaificha mpaka naye haioni." Akamsogezea kiti, na Tabasamu hakuketi.

Mficha uchi hazai, husema watu wakimhimiza mgonjwa aseme anapoumwa. Tabasamu alikuwa ameificha picha kwa kaka, akaificha kwa wateja, akaificha kwa mwizi, na kwa bidii ile ile akaificha kwake mwenyewe aliyeitunza. Nani mwingine angefanya kosa kama hilo? Mzembe angeacha picha ikizagaa juu ya kioo, na leo ingekuwepo.

Mkewe, alipoambiwa, alikuwa anakunja nguo. Hakugombeza. "Wewe si fundi wa kutoa watu? Basi mwingize. Chukua uso wake kwenye picha nyingine, mbandike."

Alijaribu. Alikuwa na picha ya pasipoti ya Kitinda ya zamani, ile ambayo mtu hutazama mbele kama aliyekamatwa. Akaikata, akaikuza, akaiweka juu ya ule mkono, akaongeza kivuli. Ijumaa nzima alipambana nayo. Uso ulikaa pale, lakini haukuwa unacheka, wala haukuwa umeinama kwa mama. Ulikuwa unamtazama yeye. Akaona anamweka dada yake mahali ambapo alisimama kweli, kwa uongo. Aliufuta, akazima mashine, akaegemeza kichwa kwenye kaunta pale viwiko vya wateja vilipolainisha mbao. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa kaka mkubwa mikono mitupu. Kaka alikuwa amevaa shati jipya na amesimama sebuleni, mkongojo kwapani, ngazi ndogo tayari imeegemezwa ukutani.

"Iko wapi?"

"Haipo, kaka. Nimeipoteza."

"Jumatatu ulisema ipo."

"Nilidhani ipo."

Akamweleza. Kaka mkubwa hakuelewa habari za kuficha na kuhamisha, lakini alielewa haipo. Alipumua kwa nguvu, kisha akawa yule yule wa zamani kwa dakika moja. "Basi hii iteremshe! Iteremshe haraka, tuifiche uvunguni. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Akiona msumari mtupu atauliza."

"Aulize! Heri msumari."

"Kaka, nimechoka kuficha."

"Nani amekuuliza kama umechoka? Panda!"

Tabasamu akapanda, kama alivyopanda maisha yake yote akiamrishwa. Akaiondoa picha kwenye msumari, akaanza kushuka nayo, kaka akiwa ameinua mkono mmoja kuipokea na mwingine umeng'ang'ania mkongojo. Wazee wawili, fremu moja katikati yao, wanabishana kwa kunong'ona nani aachie kwanza. Ndivyo Kitinda alivyowakuta.

Alisimama mlangoni, begi begani, nywele za mbele zimeanza mvi. Nyuma yake alikuwa binti, mrefu, mwenye macho ya mama yao, akitazama dari na kuta za nyumba aliyoisikia tu.

Kitinda hakumkumbatia mtu. Aliweka begi chini, akaja, akaichukua fremu mikononi mwao kama anavyochukuliwa mtoto anayekaribia kuangushwa. Akaenda nayo dirishani. Akafuta kioo kwa kanga aliyojitanda.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huu mkono wangu," akasema.

"Upi?" Kaka mkubwa akasogea.

"Huu wa begani. Ona kidole cha mwisho. Si kile ulichokibana na mlango, tukicheza?"

Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje. Kilikuwa kimepinda miaka yote hiyo, mbele ya wageni wote, kwenye harusi na misiba na chai. Kitinda akaunyosha mkono wake juu ya kioo, kando ya ule wa kwenye picha, na hata kipofu angesema ni mtu mmoja. Kaka mkubwa akautazama wa dada yake, akautazama wake mwenyewe uliokamata mkongojo, mnene, wenye mafundo. Akajishusha kwenye kiti taratibu.

"Miaka yote hii," akasema, "nawaambia watu ni wangu."

"Nimesikia," akasema Kitinda. "Huko niliko pia habari zinafika."

Kaka mkubwa akainamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyemshika. Mimi sikuwepo." Hakuwa ameyasema hayo kwa mtu yeyote kabla ya siku ile, na yalimtoka kwa shida. "Sikuwepo, Kitinda."

Kitinda alimtazama akiwa amekaa vile, mzee ndani ya shati jipya lililomzidi. Hakusema nimekusamehe. Alimwekea mkono begani, ule ule, akauacha hapo kidogo, akauondoa. Kisha akamgeukia Tabasamu.

"Na ile nzima, kaka?"

"Haipo tena. Nilikuficha mno. Nilipohama mashine sikukuona, nikakuacha huko."

"Kila nilipopiga simu ulisema nipo."

"Nilidhani upo, dada yangu."

Hilo lilimuuma. Lilionekana usoni. Binti alisogea dirishani akaiangalia picha juu ya bega la mama yake. "Bibi anafanana na wewe," akasema. Kitinda akajipangusa macho kwa kiganja, akasema ndiyo, kila mtu alikuwa akisema hivyo.

Alipanda ngazi mwenyewe akairudisha kwenye msumari. Tabasamu alimshikia ngazi.

"Usiniingize," akamwambia akiwa bado juu. "Najua unaweza. Usinibandike uso wowote. Nichapie hii, kama ilivyo, nitaondoka nayo."

Jumatatu Tabasamu aliichapa. Aliitoa kubwa, kwa karatasi nzuri aliyokuwa akiiwekea harusi za watu wakubwa, akaisubiri ikauke. Kisha akaihifadhi kwenye mashine. Hakuipa folda, hakuificha, hakuitia neno. Aliiweka juu kabisa ya kioo, pale ambapo kila mwenye kiwiko ataiona, akaiandika jina: Mama na Kitinda.

Mchana alikuja yule mama muuza vitunguu kuchukua picha za pasipoti. Akaegemea kaunta kama kawaida yake, macho yakaanza kutembea kwenye kioo.

"He! Huyu si mama yenu, Mungu amrehemu. Na huyu kaka yako, na huyu wewe hapa pembeni, unakimbia nini?" Akasogea karibu, akasoma. "Mama na Kitinda. Mbona Kitinda simwoni?"

Tabasamu alikuwa anazikata picha zake kwa mkasi. Aliuweka chini, akainama juu ya kaunta, akagusa kioo pale begani kwa mama.

"Yule pale," akasema.